Feni kumi na moja nilizobadilisha bure kwenye ghorofa la Upanga

Simu iliita saa mbili kasoro asubuhi, nikaona ni Bibi wa ghorofa ya saba, nikajua tu, leo tena dagaa. "Kijana njoo unuse mwenyewe, ukisimuliwa utasema nazeeka." Lifti siku hiyo ilikuwa imegoma nikapanda kwa ngazi, nafika nimelowa shati zima, shikamoo yenyewe naitoa kwa kuhema, akanishika mkono hadi bafuni na kweli bwana, bafu limepigwa deki linang'aa, ndoo zimefunikwa, taulo zimekunjwa, lakini linanuka dagaa wa kukaanga utadhani umesimama Feri pale kwa wakaangaji. Na kwa bibi dagaa hawapikwi kabisa, mjukuu wake akila anavimba midomo.

Nikafanya kile nilichokuwa nafanya kila nikiitwa, nikaegesha ngazi, nikafungua ile feni ndogo ya kutoa hewa ukutani, nikafunga mpya, tena kubwa kuliko ya mwanzo. Hiyo ilikuwa ya kumi na moja ndani ya miaka miwili. Nilikuja kuzihesabu baadae kwenye daftari la manunuzi, kumi na moja, na nikiwa mkweli labda mbili tu ndo zilikuwa zimekufa. Zingine tisa nilitoa nzima nikaweka nzima, hela ya wapangaji inaenda Kariakoo kwenye duka moja la vifaa vya umeme, hadi ikafika hatua nikiingia tu naletewa soda.

Kesho yake akapiga mama wa ghorofa ya nane. Dagaa sasa wamehamia kwake.

Nieleze kidogo jengo lenyewe maana bila hivo hamtanielewa. Ghorofa tisa, kila ghorofa flati nne, jumla 36. Mabafu yote yamekaa katikati ya jengo, hayana dirisha hata la kupitisha mkono. Kila bafu lina tundu juu karibu na dari linaloingia kwenye shimo refu la tofali linalopanda toka chini mpaka paani, mafundi tunaliita dakti japo ukweli ni shimo tu limepigwa lipu nusunusu. Mashimo yako mawili, la kusini na la kaskazini, kila moja linabeba mabafu 18, na paani juu ya kila shimo kuna feni kubwa ya umbo la konokono inayozungushwa na mota kwa mkanda. Hayo yote nayajua leo. Mwaka 2016 naajiriwa pale nilikabidhiwa funguo za chumba cha pampu, chumba cha umeme na jenereta, na ufunguo wa mlango wa paa ambao kufuli lake lilikuwa limeliwa na kutu halifunguki, nikauweka kwenye droo nikasahau. Mi ni fundi umeme, akili yangu yote ilikuwa kwenye pampu na jenereta. Hewa? Hewa si ipo tu.

Sasa kilichotokea, na hiki nilielewa kwa kuchelewa sana, ni kwamba zile feni ndogo za bafuni hazikuwepo kwenye mchoro wa jengo kabisa. Jengo lilichorwa feni ya paani ivute, bafuni liwe tundu lenye kifuniko cha matundu basi. Feni za paani zilipolala, watu wakaanza kujinunulia za kwao mmoja mmoja, na hizo hazivuti toka shimoni, zinasukumia shimoni. Mabafu kumi na nane yanasukuma hewa kwenye shimo moja ambalo juu halipumui, hiyo hewa itaenda wapi? Panda daladala limejaa mlango umefungwa, mtu wa nyuma akisukuma anayebanwa kwenye kioo ni wa mbele. Hewa inatafuta tundu lililo karibu, na tundu lililo karibu ni bafu la jirani ambaye feni yake imezimwa. Kwa hiyo nilipomfungia bibi feni kubwa nilikuwa namsaidia kuwatupa dagaa kwa mama wa ghorofa ya nane. Na mama wa nane akitaka feni kubwa zaidi, dagaa wanarudi saba. Ningeweza kuendelea hivo mpaka nistaafu.

Aliyenishtua ni mzee mmoja mpangaji, alifanya kazi meli miaka mingi, siku hiyo ananiona nashuka na boksi la feni akaniuliza swali dogo tu, "juu kukoje?" Nikamjibu juu kuzuri mzee. Akanitazama. Mi juu sijawahi kufika.

Nikakata lile kufuli kwa msumeno. Wa kwanza kuniona walikuwa kunguru, hawa wetu wenye shingo ya kijivu ambao ukoo wao uliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasaidie kula taka, na sasa wamekuwa wenye mji. Feni ya kusini walishaifanya nyumba. Kama hujawahi kuona kiota cha kunguru wa Dar kwa karibu nikwambie si majani yale, ni waya, vipande vya waya wa kufungia nondo, hanga za nguo mbili nzima, waya wa simu, kipande cha kamba ya viatu. Wameusuka kwenye mdomo wa feni pale hewa inapotokea, imara kiasi kwamba nilitumia plaisi na bado nikachanika mkono. Chini yake mkanda wa mota umekatika siku nyingi, umelala kama nyoka aliyekauka. Mota yenyewe nzima, nikaizungusha kwa mkono beringi zinalia tu kwa kukosa grisi.

Ya kaskazini ilikuwa inazunguka. Na hapo ndo kosa langu kubwa kuliko yote lilipo, niliisikia inaunguruma vizuri, nikaweka mkono juu nikahisi hewa inatoka, nikaandika daftarini "kaskazini nzima" nikashuka zangu. Kusini nikafunga mkanda mpya, beringi mpya, wavu wa matundu makubwa kuzuia kunguru, wiki moja tu simu za upande wa kusini zikakata kabisa. Nikajiona injinia. Lakini bibi yuko kaskazini, na bibi akaendelea kupiga.

Miezi karibu minane nikaendelea kumwambia bibi feni yenu iko sawa nimeikagua mwenyewe.

Ukweli ulitoka kwenye maji. Mwaka 2017 tulibadilisha jenereta na ile swichi ya kuhamisha umeme, akaja fundi wa nje akafunga, akalipwa, akaondoka. Siku hiyohiyo lifti ikagoma, akaitwa fundi wa lifti, akapima akasema fezi zimepinduka, akabadilisha nyaya mbili kwenye boksi lake, lifti ikapanda. Siku mbili baadae ghorofa ya nane na tisa wanalalamika maji yanatoka kama mate, akaitwa fundi wa pampu, akabadilisha nyaya mbili kwenye pampu, maji yakapanda. Kila mmoja akatibu kidonda chake akaenda. Mimi nilikuwepo zote mbili, nimeshika tochi. Na mi ni fundi umeme, tena wa fezi tatu, najua kabisa ukibadilishana nyaya mbili kati ya tatu mota inazunguka kinyume. Sikujiuliza kitu gani kingine kwenye hili jengo kina mota ya fezi tatu.

Mwaka uliofuata masika yameisha nimepanda kusafisha, nafuta ile feni ya kaskazini kwa tambara lenye mafuta ya taa, chini ya vumbi na chumvi ukatokea mshale mwekundu kwenye bati. Nikazima umeme nikakaa nikaangalia gurudumu linavyopunguza mwendo mpaka likasimama. Lilikuwa linakwenda upande mwingine. Nikacheka peke yangu juu ya paa, kicheko cha aibu.

Na hili mafundi wenzangu mlishike, feni ya mapanga kama ya ukutani ikizunguka kinyume inapuliza kinyume, utagundua siku hiyohiyo. Hii ya konokono hapana, ikizunguka kinyume hewa bado inatoka kulekule inakotakiwa, ila kidogo sana, inakula umeme, inaunguruma, mkono unahisi upepo, na kila mtu anaamini inafanya kazi. Usisikilize sauti. Tafuta mshale, zima, angalia inavyosimama.

Nikabadilisha nyaya mbili. Dakika tano.

Dagaa wakapungua lakini hawakuisha, na hapo nikasema sasa huyu mkaangaji lazima nimjue. Nikachukua simu yangu, nikaiwasha video na tochi, nikaifunga kwenye kamba ya manila, nikaitumbukiza shimoni taratibu mita kwa mita huku moyo unanidunda maana simu yenyewe nilikuwa sijamaliza kuilipia. Ile video ninayo mpaka leo. Ghorofa ya tisa safi. Ya sita kuna ubao wa kumwagia zege umekwama mshazari, juu yake mfuko mzima wa saruji ulioganda, wajenzi waliuacha wakaondoka zao, umeziba zaidi ya nusu ya shimo. Chini zaidi, ghorofa ya nne, kuna bomba la inchi sita limechomoza ambalo halipo ghorofa nyingine yoyote, na ukuta unaolitazama unameta. Nikadhani maji. Mafuta. Mafuta ya kupikia yameganda rangi ya asali kwenye lipu, yametiririka mpaka ya tatu.

Jamaa wa ghorofa ya nne alikuwa amekarabati jiko, kafungiwa ile mashine ya kunyonya moshi juu ya jiko, kubwa, nzuri, na fundi wake badala ya kutoboa ukuta wa nje akaona shimo la bafu liko karibu, akaunganisha humo. Kumwendea nilimwendea kwa adabu zote. Akanijibu kitu ambacho mpaka leo sijui nicheke au nilie, "fundi aliniambia hilo shimo ni la wote." Ni la wote kweli! Tangu ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo mtu ana hati ya flati yake, lakini ngazi, paa, mabomba na mashimo ya hewa ni ya wenye jengo kwa pamoja, na ndo maana huwezi kuunganisha jiko lako humo bila kuwauliza. Yeye alisikia "la wote" akaelewa "na langu".

Tukabishana miezi mitatu. Harufu haikumtisha, yeye harufu yake inaenda kwa wengine. Kilichomtisha ni ile video, nilipomwonyesha mafuta kwenye ukuta na kumwuliza siku sufuria likishika moto na mashine inavuta ule moto utaenda wapi, shimo limejaa mafuta, juu kuna feni inavuta kwa nguvu, mabafu kumi na nane yamefunguka humo. Akakaa kimya. Jumamosi iliyofuata fundi wake alikuwa anatoboa ukuta wa upande wa balkoni. Mafuta tuliyakwangua kwa mikono, vijana wawili siku tatu, sabuni ya unga na maji ya moto, mfuko wa saruji tukauvunja vipande tukauvuta kwa ndoano ya nondo kupitia bafu la ghorofa ya sita, mama mwenye flati akatupikia chai.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kama ningekijua siku ya kwanza ningeokoa feni zote kumi na moja.

Shimo safi, feni inazunguka kunakotakiwa, jiko limetolewa, na kuna mabafu bado yananyanyasa, ukungu mweusi kwenye kona za dari, kioo hakikauki, taulo zinanuka. Kwa bibi ni mojawapo. Nikaenda na karatasi ya chooni, hiki kipimo cha bure kila mtu anaweza, unaweka kipande kwenye kile kifuniko cha matundu, kikinata hewa inavutwa, kikidondoka haivutwi. Kikadondoka. Nimechanganyikiwa kabisa, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bibi akaja na kijiti cha udi kimewashwa, yeye anataka tu kuondoa harufu yake, akakichomeka pembeni ya sinki. Moshi ukapanda wima kama uzi. Haugeuki. Bibi akatoka kuitikia simu akaacha mlango wazi, na mbele ya macho yangu ule uzi wa moshi ukapinda, ukalala, ukaenda moja kwa moja kwenye tundu kama umeitwa. Akarudi akafunga mlango, moshi ukasimama wima tena.

Nikamwomba afungue. Ukalala. Afunge. Ukasimama. Tukacheza ule mchezo kama watoto, afungue afunge afungue, hadi akauliza kuna nini.

Kulikuwa na tambara. Chini ya mlango wa bafu bibi aliviringisha tambara zito kuzuia mende, na mlango wenyewe wa mninga umekaa sawasawa kabisa na sakafu, haupiti hata ukucha. Feni ya paani inataka kuvuta hewa ya bafu lakini hewa haina pa kuingilia, ni kama kunyonya soda kwenye chupa umeziba mdomo wote kwa midomo yako, unavuta vuta haitoki. Tambara likaondoka, moshi ukaanza kuyumba kidogo. Haitoshi bado. Nikatembea na kile kijiti cha udi flati nzima, sebuleni, koridoni, jikoni, na kila mahali moshi umesimama tu. Balkoni amezungushia vioo vya alumini, madirisha mapya ya kusukuma ya alumini badala ya yale ya zamani ya luva yaliyokuwa hayafungi vizuri, ana AC kila chumba kwa hiyo hafungui kitu. Flati nzima imefungwa kama kopo. Nikafungua dirisha la jikoni vidole viwili tu, nikarudi bafuni, karatasi ikanata na ikaendelea kunata.

Ndo maana maghorofa ya zamani ya Upanga na Kariakoo yenye tofali za matundu kwenye ngazi na luva kwenye madirisha yalikuwa yanapumua bila mtu kuyafikiria. Tumeyaziba sisi wenyewe, kwa sababu za maana kabisa, mbu, vumbi, wezi, AC, alafu tunanunua feni.

Tangu siku ile sipandi ngazi kabla sijazunguka na udi. Wapangaji wengine walianza kusema fundi siku hizi ana mambo ya kiganga, sawa tu. Mmoja akaniletea hoja kwamba Ulaya mashimo ya hewa yanavuta yenyewe bila feni, kwanini tuchome umeme. Ni kweli yanavuta, kwa sababu kule wakati wa baridi ndani kuna joto nje barafu, hewa ya joto nyepesi inapanda shimoni kama moshi wa jiko. Hapa Dar mwezi wa pili ndani kuna nyuzi 30 na nje ni hizohizo, hewa haina sababu ya kupanda popote. Ukiwa na kusi inapuliza vizuri paani shimo linavuta kidogo, ikitulia limekufa.

Umeme wenyewe tuligombania sana. Mweka hazina alikuwa ananizimia feni saa nne usiku kila siku bila kuniambia, na usiku ndo watu wanaoga. Nikakaa nae na kikokotoo. Mota mbili kwa pamoja kilowati moja na nusu, masaa 24 ni uniti 36, kwa shilingi 350 hivi kwa uniti ni 12,600 kwa siku, gawa kwa flati 36 ni shilingi 350 kila flati. Hata chapati hainunuliki. Akasema bado ni nyingi kwa mwezi, na mi nikakubali, ila nikamwambia kuzima si dawa, dawa ni kupunguza mwendo, kwa sababu feni ukiipunguza mwendo moja ya tano tu hewa inapungua moja ya tano lakini umeme unashuka karibu nusu. Tukabadilisha puli kwenye feni tukaweka kubwa kidogo. Mpaka leo zinakwenda taratibu mchana na usiku, na mwenyewe ananunua luku bila kelele.

Kuna kitu kilinikuta ambacho hakuna aliyenionya. Nilipotengeneza feni zikavuta kisawasawa, ikaanza harufu nyingine mbaya kuliko dagaa, harufu ya maji machafu, kwenye flati mbili tu. Moja mwenyewe anaishi Muscat, anakuja mwezi mmoja kwa mwaka. Lile tundu la sakafuni bafuni lina maji kwenye kona ya bomba ndani yake, hayo maji ndo kizuizi cha harufu ya mfereji, flati ikifungwa wiki kadhaa yanakauka, na feni inayovuta vizuri inapata njia rahisi, inavuta kutoka kwenye mfereji. Dawa yake jagi moja la maji, alafu kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke haraka. Nina funguo za flati zote mbili, kila mwezi napitisha jagi langu.

Hili jingine sitanii nalo. Kipindi cha mgao baba mmoja aliwasha jenereta ndogo kwenye balkoni aliyoizungushia vioo, akaacha upenyo kidogo, wakaingia ndani kuangalia mpira. Feni ya paani inavuta hewa toka bafuni, bafu linavuta toka sebuleni, sebule inavuta toka wapi? Toka kwenye upenyo wa balkoni. Nilipigiwa kwamba watoto wawili wanatapika na mama kichwa kinampasuka, wanadhani ni chakula. Tuliwatoa wote wakakaa chini barazani, wakapelekwa hospitali wakapona, Mungu mkubwa. Ile hewa ya sumu ya moshi haina harufu wala rangi, na ya jiko la mkaa ni ileile. Nilibandika tangazo kwenye lifti kwa mkono wangu, hakuna jenereta balkoni, hakuna mkaa ndani ya flati, hata mvua inyeshe vipi.

Kazi yenyewe ya kila mwezi si kubwa. Jumamosi ya kwanza napanda, nabonyeza mkanda kwa kidole katikati ya puli mbili, ukizama kama sentimita moja sawa, ukizama mno nakaza, ukipiga kelele asubuhi ni umelegea huo. Chumvi ya bahari pale Upanga inakula bolti za kawaida ndani ya mwaka, nimebadilisha zote za chuma kisichoshika kutu, zingine napaka grisi. Kabla ya kaskazi naangalia beringi maana joto likija zilizochoka ndo zinajitangaza. Vile vifuniko vya bafuni watu wavue wenyewe waoshe kwa sabuni, vumbi la taulo linaganda kama sufi, na wale waliobandika wavu wa mbu mdogo mdogo juu yake waufute kila wiki au wautoe. Na kama feni yako ndogo inavuma lakini haizunguki mpaka uisukume kwa kijiti, usitupe, mara nyingi ni kapasita tu imechoka, inauzwa bei ya nauli.

Kitu kimoja nilichojifunza kwa kuponea chupuchupu. Umeme ulikatika nikiwa paani, nikasema vizuri, nikaingiza mkono kwenye puli kuvuta mkanda, nimesahau kwamba ile jenereta mpya inajiwasha yenyewe. Nilisikia inakohoa kule chini, ghorofa tisa chini, nikatoa mkono, na mkanda ukaondoka na kipande cha mkono wa shati. Siku hizi fyuzi zinakaa mfukoni kwangu mpaka nimalize, na swichi ina kufuli yenye ufunguo mmoja.

Bibi? Bibi alipiga tena mwezi uliopita. Safari hii si dagaa. Anasema mlango wa bafu unajifunga wenyewe, pwaa, usiku wa manane, na mjukuu hataki tena kwenda kujisaidia peke yake anasema kuna jini. Nikamwambia bibi hilo ni jini langu, hewa inavutwa na mlango hauna upenyo chini, nikuombe nikukatie sentimita moja na nusu tu. Huo mlango kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa anaomba mtu asiuguse, ni mninga, aliuagiza marehemu mumewe. Alikaa kimya kwenye simu. Alafu akaniambia njoo na msumeno mkali, na uje mchana.

Nikauvua mlango nikaulaza kwenye stuli mbili pale koridoni. Alisimama pembeni na rula ya mjukuu wake ya shule, akapima, akapiga mstari kwa penseli yeye mwenyewe, sentimita moja, nikamwambia bibi nilisema na nusu. "Anza na hiyo," akasema, "tuwashe udi kwanza tuone."